Namba Kubwa Haimtishi Aijuaye

SOMO LA HESABU KWA REDIO

Ninyi mlio katika darasa la watu wazima huko Mapera, wilaya ya Mbinga, na ninyi mlio kando ya Ziwa Nyasa, na wengine wote mliokaa karibu na redio jioni hii, jiwekeni tayari. Kila mmoja awe na kalamu na daftari. Asiye na daftari aandike kwa kijiti mchangani. Hesabu haichagui ukurasa.

Leo tutachukua namba moja tu, tena kubwa. Tutaichunguza kama mkulima achaguavyo mbegu: tutaigeuza, tutaitazama juu na chini, kisha tutaipasua tuone kilichomo ndani. Baada ya hapo tutakwenda na maarifa hayo hadi kwenye mzani wa kahawa. Huko utaona kwamba somo hili laweza kumwokolea mtu shilingi laki tatu na sitini elfu. Kwa hiyo usisinzie.

Andika namba hii: 61,741,120.

Namba hii si ya kubuni. Ni hesabu ya watu wote wa Tanzania, Bara na Zanzibar, kama walivyohesabiwa katika Sensa ya mwaka 2022. Watu walihesabiwa kwa kufuata usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwaka ule, na Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jumla hiyo mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Kama ulihesabiwa nawe, basi mmoja kati ya hao ni wewe.

Je, ni watu wengi kiasi gani? Tuseme unaanza kuhesabu sasa hivi, moja, mbili, tatu, ukitaja namba moja kila sekunde, bila kula wala kulala. Utahesabu kwa siku 714 na zaidi ya nusu siku ndipo ufike mwisho. Hiyo ni karibu miaka miwili.

KWANZA: KUISOMA

Ukisimama kwenye mteremko wa nchi ya Wamatengo utaona mashamba ya ngoro. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi hizo, na kila mraba hubaki na shimo lake. Mtu akikuuliza mashimo ya shamba lako ni mangapi, hutayahesabu moja moja mpaka jua lizame. Utahesabu mashimo ya mstari mmoja, kisha utahesabu mistari. Mashimo 12 kwa mistari 9 ni mashimo 108. Umemaliza.

Namba kubwa nayo imepangwa kwa utaratibu. Anzia kulia, uzikate tarakimu tatu tatu kwa mkato. Fungu la kwanza kutoka kulia ni 120. Hayo ni mamia, makumi na mamoja. Fungu la pili ni 741; hayo ni maelfu. Fungu la tatu ni 61. Hizo ni milioni. Sasa soma kutoka kushoto: milioni sitini na moja, laki saba, arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

Tazama jambo jingine. Tarakimu 1 imo mara tatu katika namba hii, lakini kila moja ina thamani yake. Ya kwanza kutoka kushoto ni milioni moja. Ya pili ni elfu moja. Ya tatu ni mia moja tu. Sura ni ile ile, ila mahali pake panaipa thamani. Kumbuka neno hili, maana tutalihitaji kwenye mzani.

Hapa pana mtego katika lugha yetu. Mtu akisema "elfu arobaini na moja", mmoja ataandika 41,000, na mwingine ataandika 40,001. Wote wawili wamesikia vizuri, lakini wanatofautiana kwa 999. Ndiyo sababu tumesema "arobaini na moja elfu", tukitaja elfu mwishoni. Na unapopokea fedha, usitosheke na kusikia kwa masikio. Omba iandikwe kwa tarakimu, uione kwa macho.

PILI: KUUTAZAMA MKIA

Namba hujionyesha kwa mkia wake. Namba yetu inaishia na 0. Basi ni shufwa, yaani yaweza kugawanywa kwa mbili bila baki. Vile vile hugawanyika kwa tano, na hugawanyika kwa kumi. Hukuhitaji kufanya kazi yoyote. Umetazama tarakimu moja tu kati ya nane.

Je, hugawanyika kwa nne? Tazama tarakimu mbili za mwisho: 20. Ishirini kwa nne ni tano, hakuna baki. Basi namba nzima hugawanyika kwa nne. Kwa nini tarakimu mbili zinatosha? Kwa sababu mia moja hugawanyika kwa nne bila baki: kila mmoja hupata 25. Basi mamia yote, maelfu yote na mamilioni yote yaliyo mbele hugawanyika pia, na kinachobaki kuulizwa ni mkia peke yake.

Kwa nane, tazama tarakimu tatu za mwisho, maana elfu moja hugawanyika kwa nane: kila mmoja hupata 125. Mkia wetu ni 120. Gawanya kwa nane, unapata 15 bila baki. Basi namba nzima hugawanyika kwa nane.

TATU: KUIPASUA

Sasa tuipasue. Tutaigawanya kwa mbili, kisha tena kwa mbili, mpaka ikatae. Andika polepole:

Mara ya kwanza: 30,870,560.
Mara ya pili: 15,435,280.
Mara ya tatu: 7,717,640.
Mara ya nne: 3,858,820.
Mara ya tano: 1,929,410.
Mara ya sita: 964,705.

Hapo imekataa. Inaishia na 5, basi sasa ni witiri. Haigawanyiki tena kwa mbili. Lakini mkia wake unatuambia kwamba hugawanyika kwa tano. Tukigawanya tunapata 192,941. Hiyo hugawanyika kwa saba: 27,563. Na hiyo hugawanyika kwa 43: tunapata 641.

Hapa tumefika mwisho. Namba 641 haigawanyiki kwa namba yoyote ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba za namna hiyo huitwa namba tasa. Na 2, 5, 7 na 43 pia ni namba tasa. Basi namba ya Watanzania wote wa mwaka 2022 imejengwa hivi:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Sasa sikiliza ajabu yake. Jirani yako aweza kuanza kuipasua kwa saba, na mwingine akaanza kwa 43. Njia zao zitakuwa mbalimbali, lakini mwishoni wote watakuwa na vipande vile vile, kwa idadi ile ile: mbili sita, tano moja, saba moja, 43 moja na 641 moja. Kila namba nzima kubwa kuliko moja ina vipande vyake ambavyo havibadiliki. Ni kama mbegu: ukiipasua kwa juu au kwa ubavu, kiini ni kile kile.

NNE: SHAHIDI ANAYEITWA TISA

Sasa tufike kwenye kazi kubwa ya leo. Jumlisha tarakimu za namba yetu zote, kila moja kwa thamani ya sura yake tu:

6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22

Kisha jumlisha tarakimu za 22: 2 + 2 = 4. Tumepata 4. Hiyo 4 ndiyo baki ambalo ungelipata kama ungeligawanya namba yote, milioni sitini na moja na zaidi, kwa tisa. Umepata baki bila kugawanya!

Huenda unasema, "Mwalimu, huo ni uganga." Hapana. Twende kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Chukua miche 10, uwagawie watu tisa sawasawa. Kila mtu anapata mche mmoja, na mmoja unabaki. Chukua miche 100, uwagawie watu wale wale tisa. Kila mtu anapata 11, na mmoja unabaki. Chukua miche 1,000. Kila mtu anapata 111, na mmoja unabaki. Umeona? Kila kumi huacha mmoja, kila mia huacha mmoja, kila elfu huacha mmoja, na kila milioni huacha mmoja vile vile.

Basi ukiwa na mamia 7, yataacha miche 7. Ukiwa na makumi 4, yataacha miche 4. Kila tarakimu huacha baki lililo sawa na sura yake. Ukikusanya mabaki hayo yote, umejumlisha tarakimu. Na kama jumla yake bado ni kubwa kuliko tisa, unawagawia tena wale watu tisa. Ikiwa jumla ni tisa yenyewe, hakuna baki, andika 0.

Sasa tumtumie shahidi huyu. Katika Sensa ile ya mwaka 2022, Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347, na Zanzibar watu 1,889,773. Je, jumla yao ni 61,741,120 kweli? Tumwulize tisa.

Bara: 5 + 9 + 8 + 5 + 1 + 3 + 4 + 7 = 42, na 4 + 2 = 6.
Zanzibar: 1 + 8 + 8 + 9 + 7 + 7 + 3 = 43, na 4 + 3 = 7.
Jumlisha mabaki: 6 + 7 = 13, na 1 + 3 = 4.

Na baki la jumla tulilipata kuwa 4. Yamelingana! Wewe uliyekaa Mapera na kalamu ya risasi umeipima hesabu ya taifa zima kwa muda wa dakika mbili. Kama karani angekosea tarakimu moja tu, akaandika 61,741,130, baki lingekuwa 5, na tisa angekataa papo hapo.

TANO: KWENYE MZANI WA KAHAWA

Sasa tuseme mkulima mmoja amepeleka kahawa yake chamani msimu huu. Mzani umesema kilo 347. Tuseme bei ni shilingi 7,250 kwa kilo. Hii ni bei ya mfano tu. Fedha yake ni 347 × 7,250, yaani shilingi 2,515,750.

Shahidi tisa hufanya kazi katika kuzidisha pia, ila mabaki nayo lazima yazidishwe. 347 huacha 5. 7,250 huacha 5. Tano mara tano ni 25, nayo huacha 7. Je, 2,515,750 huacha ngapi? 2 + 5 + 1 + 5 + 7 + 5 + 0 = 25, nayo huacha 7. Vizuri, yamelingana.

Lakini sikiliza vizuri sana hapa. Tuseme karani amechoka, foleni ni ndefu, na anaponakili namba kwenye stakabadhi anabadilisha mahali pa tarakimu mbili. Badala ya 2,515,750 anaandika 2,155,750. Tano na moja zimepishana. Mkulima wetu anajumlisha tarakimu: 2 + 1 + 5 + 5 + 7 + 5 + 0 = 25, nayo huacha 7. Anasema, "Ni sawa," anatia sahihi na kwenda nyumbani. Amepoteza shilingi 360,000, na shahidi amenyamaza kimya!

Kwa nini tisa hakuona? Kwa sababu yeye hutazama sura za tarakimu, wala hatazami mahali pake. Ukizipanga upya tarakimu zile zile, kwake hakuna lililobadilika. Basi shika kanuni hii: tisa akikataa, kosa lipo bila shaka. Tisa akikubali, usimwamini peke yake. Tafuta shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni kukadiria. Punguza kilo kidogo na bei kidogo, upate namba nyepesi. Badala ya 347 tumia 340. Badala ya 7,250 tumia 7,000. Mara 340 kwa 7,000 ni 2,380,000. Sasa fikiri: umepunguza kilo, umepunguza na bei. Fedha ya kweli lazima izidi 2,380,000. Karani ameandika 2,155,750, ambayo ni pungufu. Basi haiwezekani kuwa sawa, hata kama tisa amenyamaza. Rudisha stakabadhi kwa upole, useme, "Bwana karani, naomba tuitazame hesabu hii pamoja." Huna haja ya kugombana. Pengine hakukusudia, macho yaliyochoka hukosea. Lakini aliye na hesabu mkononi ndiye awezaye kuonyesha kosa lilipo.

SITA: ALAMA YA TARAKIMU ZILIZOPISHANA

Neno la mwisho, nalo lifaa hasa kwa ninyi mlio makatibu na watunza hazina wa vyama na vikundi. Mara nyingine daftari mbili hazilingani, na hakuna ajuaye kosa liko wapi. Toa namba ndogo katika kubwa. Katika mfano wetu, 2,515,750 kutoa 2,155,750 ni 360,000. Sasa jumlisha tarakimu za tofauti hiyo: 3 + 6 = 9. Yaani tofauti hugawanyika kwa tisa bila baki.

Hiyo ni alama ya kosa la kupishanisha. Tarakimu inapotoka mahali pa malaki kwenda mahali pa makumi elfu, kila moja iliyokuwa 100,000 inakuwa 10,000. Imepungua 90,000. Hapa 5 imeshuka na 1 imepanda, kwa hiyo zilizoshuka bila kurudishiwa ni 4. Nne mara 90,000 ni 360,000. Ndiyo fedha iliyopotea.

Basi daftari zako zikitofautiana kwa 9, au 18, au 270, au 3,600, au namba yoyote igawanyikayo kwa tisa, kabla ya kuanza upya hesabu zote tafuta kwanza tarakimu mbili zilizopishana. Huenda ukalipata kosa kabla chai haijapoa. Usipolipata, kosa ni la namna nyingine, endelea kutafuta.

MAZOEZI

Fanya mazoezi haya nyumbani, kisha uyajadili na wenzako darasani.

1. Katika Sensa ya mwaka 2022 wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mwulize tisa kama jumla ni 61,741,120.

2. Katika Sensa ya mwaka 2012 Tanzania Bara ilikuwa na watu 43,625,354, na Zanzibar 1,303,569. Jumla iliandikwa 44,928,923. Je, tisa anakubali? Je, jumla hiyo ni shufwa au witiri?

3. Daftari moja la kikundi linasema shilingi 873,000. La pili linasema 837,000. Tofauti ni ngapi? Kosa linaweza kuwa la namna gani?

4. Mkulima ameuza kilo 218 kwa bei ya mfano ya shilingi 6,100. Stakabadhi inasema 1,239,800. Bila kuzidisha namba zenyewe, onyesha kwa kukadiria kwamba kuna kosa.

MAJIBU

1. Wanawake huacha 7, wanaume huacha 6. Pamoja 13, nayo huacha 4. Jumla huacha 4. Tisa anakubali.

2. Bara huacha 5, Zanzibar haiachi kitu, pamoja 5. Jumla huacha 5. Tisa anakubali. Jumla ni witiri, maana inaishia na 3.

3. Tofauti ni 36,000, nayo hugawanyika kwa tisa. Inaelekea kwamba 7 na 3 zimepishana. Tafuteni karatasi ya kwanza mwone ipi ni sahihi.

4. Kilo 210 kwa shilingi 6,000 ni 1,260,000. Fedha ya kweli lazima izidi hapo, na iliyoandikwa ni pungufu. Sasa zidisha kamili: ni 1,329,800. Tarakimu 3 na 2 zimepishana, na shilingi 90,000 zilikuwa zinapotea.

Ndugu mwanafunzi, somo letu limekwisha. Ulipoanza darasa hili huenda ulikuwa ukiiona namba ndefu ukaipa mgongo, ukimwachia aliyesoma akusomee. Leo umeisoma mwenyewe, umeutazama mkia wake, umeipasua, na umemleta shahidi wa kuipima. Kesho ukienda kwenye mzani, nenda na kalamu.

Kwa herini ya kuonana, na Mungu awajalie msimu mwema.